Sauti ya Chumba cha Chini

Mtu wa redio akimaliza mahojiano haondoki hapo hapo. Anawaomba watu wote wanyamaze, anaacha kinasa sauti kizunguke dakika nzima, anarekodi chumba peke yake. Sisi tuliuita ukimya wa chumba. Msikilizaji haujui, wala hatakiwi kuujua. Ukishakata maneno ya mtu hapa na pale yanabaki matundu, na matundu hayo unayaziba kwa ukimya wa chumba kilekile, kwa sababu hakuna vyumba viwili vinavyonyamaza sawasawa. Ukiziba kwa ukimya wa chumba kingine, sikio linashtuka kama ulimi uliokuta pengo.

Aliyenifundisha hayo alikuwa fundi mitambo mmoja mkali, bosi wangu wa kwanza. Shule mimi niliipata vipandevipande: miaka mitano kwa baba mdogo, mmoja kwa shangazi, iliyobaki nikaiokota kwenye madarasa ya watu wazima na kwenye magazeti yaliyofungiwa vitumbua. Redioni niliingia nikibeba nyaya. Basi yule fundi akiniambia kitu nilikishika kama sala. Alisema mtu asiyerekodi ukimya wa chumba si mtu wa redio, ni mpiga soga aliyepewa umeme. Kwa miaka ishirini na saba, katika nchi tisa zilizokuwa zinaungua, sikuwahi kutoka chumbani bila ile dakika. Niliirekodi kwenye wodi isiyo na paa. Niliirekodi kwenye ofisi ya waziri ambaye alishakimbia na kuacha chai mezani. Wenzangu walirudi nyumbani na picha, mimi nilirudi na vyumba.

Ninachotaka kuandika kilitokea katika nchi ya sita. Nimekizunguka mara nyingi nikisimulia mengine, na waliowahi kunisikiliza barazani wanajua kwamba nikifika nchi ya sita huwa naomba maji ya kunywa, kisha naendelea na ya saba.

Mji ulikuwa umegawanywa na barabara moja pana. Upande wetu lilikaa jeshi, upande wa pili walikaa waliokuwa wanapigana nalo. Jeshi lilibandika amri kwenye mlango wa kila zahanati: atakayempokea au kumtibu mtu aliyetoka upande wa pili, naye ni adui, atachukuliwa kama adui. Chini yake kulikuwa na mhuri. Amri haikusema kitu juu ya wanawake wenye mimba, lakini hakuna aliyethubutu kwenda kuuliza.

Mimi nilipanga chumba juu ya duka la kinyozi. Mkalimani wangu alikuwa mwalimu wa jiografia ambaye shule yake iligeuzwa kambi. Alisoma chuo kwetu miaka minne, akarudi kwao na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu mimi niliyezaliwa nacho. Nilimwita Mwalimu. Yeye aliniita Masikio, kwa sababu ya hedifoni zilizokaa shingoni mwangu kutwa. Tulikuwa na sharti moja tu katika kazi: atafsiri kama ilivyo. Nikisema upuuzi, aseme upuuzi. Mtu akinitukana, anitukane vilevile, asipunguze chumvi. "Mimi ni bomba," alikuwa akisema. "Ukipeleka maji machafu, yatafika machafu."

Dada yake mkubwa alikuwa mkunga. Mwanamke mfupi, mikono mipana, hana subira na mtu yeyote aliyeshapita umri wa siku tatu. Zahanati yake ilipofungwa alihamia kwenye chumba cha chini ya ardhi, chini ya duka la dobi, akawa anawazalisha wanawake waliovuka kutoka upande wa pili kupitia mtaro wa maji ya mvua. Walikuja wakitambaa na matumbo yao, wengine wakiwa wameshashikwa na uchungu. Ndani mlikuwa na vitanda vitatu, jiko la mafuta ya taa, beseni, na kamba iliyoanikwa vitambaa. Kuta zilikuwa zinatoa jasho.

Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulinyamaza. Sababu mojawapo ilikuwa maji. Mabomba ya mji yalikauka mwaka wa kwanza wa vita, na nyuma ya duka la dobi kulikuwa na kisima chenye pampu ya zamani. Pampu ile ilipiga mara tatu, ikanyamaza, kisha ikaguna kwa kirefu kama mzee anayejiinua kitini. Watu waliiita Babu. Ukisikia mtu anasema Babu ameamka, unachukua ndoo.

Mkunga alikubali kuzungumza nami kwa sababu moja. Alikuwa ameishiwa dawa ya kuzuia damu, na wanawake wawili walishamfia mikononi mwezi ule. Alitaka watu wa misaada wasikie. Akaniwekea masharti akihesabu kwa vidole: jina lake lisitajwe, sauti yake isisikike, mahali pasijulikane. Nikamwapia. Nilimwambia maneno yake yatasomwa na mwanamke mwingine studioni kwetu, maelfu ya maili kutoka pale, na kwamba hata mama yake mzazi akisikiliza hatamjua. Mwalimu alimtafsiria. Mkunga alisema mama yake alimfahamu kwa kikohozi tu, kwa hiyo nisijisifu.

Alizungumza dakika arobaini. Nilipomaliza nikaomba ukimya wa chumba. Mwalimu alieleza, na wale wanawake vitandani wakatazamana. Mkunga alicheka akaziba mdomo kwa kiganja. Alisema nchi nzima inapiga kelele, huyu kavuka bahari kuja kurekodi kimya. Kisha wakanyamaza wote, na mtoto mmoja wa siku mbili naye akanyamaza.

Na ukutani Babu akawa anapiga. Tatu, kimya, mguno.

Nilimsikia. Sitaandika hapa kwamba sikumsikia, maana nilikuwa na hedifoni zimebana kichwa changu na kazi yangu ilikuwa kusikia. Nilimsikia na nikampenda. Ilikuwa kama moyo wa nyumba. Nikasogeza kipaza sauti karibu na ukuta. Kwenye jalada la kanda niliandika kwa mkono wangu: ukimya wa chumba, mzuri sana, tumieni chini ya maelezo yote. Nilificha jina, nilificha sauti, nilificha mtaa. Nilificha kila kilichokuwa na mdomo. Pampu sikuihesabu.

Kanda niliipeleka kwa dereva wa malori ya msaada, yeye akaifikisha uwanja wa ndege wa nchi jirani. Simu zilikuwa zimekatwa zamani. Kituo chetu kilikuwa na idhaa ya lugha yao pia: nusu saa kila adhuhuri, inarudiwa saa kumi na moja jioni. Siku ya tisa, adhuhuri, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya uso ina povu. Mwalimu alikuwa kwenye benchi na gazeti la mwezi uliopita. Wateja wengine walikuwa wanne. Redio ikaanza kutoa habari yangu.

Sauti ya mwanamke wa studioni ilikuwa nzuri, tulivu. Sikuelewa maneno, ila niliujua mpangilio. Na chini ya sauti yake, toka mwanzo, Babu alikuwa anapiga. Walikuwa wamemwongeza sauti kidogo.

Wembe ulisimama shavuni mwangu. Kinyozi akasema kitu, na wateja wote wakacheka. Kwa kawaida Mwalimu alikuwa akinitafsiria mzaha kabla kicheko hakijaisha. Safari hii alikuwa anakunja gazeti.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Futa povu kwanza."

"Mwalimu, anasemaje?"

"Anasema Babu yuko redioni."

Kinyozi alikuwa anafurahi. Aliongeza sauti, akafungua mlango ili wapita njia wasikie. Miaka miwili ya vita hakuna aliyewahi kuutaja mtaa wao, na sasa pampu yao inasikika dunia nzima. Hawakuwa watu wabaya. Ilikuwa furaha tu, ile ya mtu kuona picha ya nyumba yao gazetini. Mwalimu alisimama, akamwendea kinyozi, akasema naye kwa sauti ya chini. Kinyozi alizima redio. Kicheko kikakatika, na wale wateja wakawa wanatazama mikono yao. Mmoja wao, mshona viatu mzee, alisema yeye ana uziwi wa sikio hili, na sikio la pili nalo leo limeziba. Wengine wakasema hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, kama wanaokula kiapo. Lakini mtaa ule ulikuwa na redio arobaini, na saa kumi na moja habari ingerudiwa.

Tulikwenda kwa dobi kwa mwendo wa haraka usiofanana na kukimbia. Chini, Mkunga alikuwa na wanawake watatu. Mwalimu alimweleza. Alisikiliza mikono yake ikiwa juu ya tumbo la mmoja wao, hakuitoa. Kisha akaniuliza kama nilisikia ile pampu wakati ninarekodi. Nikasema nilisikia. Mwalimu akatafsiri kama ilivyo.

Mkunga alinitazama. "Ulidhani mwenye masikio ni wewe peke yako?"

Akageukia wagonjwa wake. Wawili kati ya wale wanawake waliweza kutembea. Dobi akawatwisha mabunda ya nguo vichwani, watoto wakiwa katikati ya mashuka, akawatoa kwa mlango wa mbele kama wafua nguo wake, akawapeleka kwa ndugu yake. Wa tatu alikuwa na uchungu toka alfajiri, mtoto amelala kwa upana. Mkunga alisema huyu haendi popote, kwa hiyo na yeye haendi popote, na sisi tutoke kwa sababu tunamwibia hewa mgonjwa.

Tulipofika kwa kinyozi, askari alikuwa mlangoni. Kapteni alikuwa anamtaka mtu wa redio na mkalimani wake.

Kapteni alikuwa na ofisi yake katika posta ya zamani, nyuma ya dirisha lililoandikwa stempu. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye kikohozi, mgeni mjini kama mimi. Jeshi lilileta watu wake kutoka mikoa ya mbali makusudi, wasiwe na shangazi wala mjomba pale wa kuwaonea huruma. Alikuwa ameirekodi habari. Akaibonyeza, tukasikiliza wote watatu tukiwa tumekaa kama watu wa familia moja.

Alisema yule mwanamke ni wa studioni, mbinu hiyo anaijua. Kisha akainua kidole, akangoja, na Babu akaguna.

"Hii ni mashine," alisema kupitia Mwalimu. "Vijana wangu hawaijui. Saa kumi na moja nitamketisha hapa mtu wa mji huu asikilize pamoja nami. Nikiambiwa na yeye, nitakuwa nimejua mahali, na nitakuwa nimejua pia kwamba ninyi wawili mlinificha. Afadhali niambiwe na wewe."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo. Nilifikiri haraka, na nilijiona hodari. Wiki tatu nyuma nilikwenda kwenye kiwanda cha sabuni nje kidogo ya mji. Kilikuwa kitupu, njiwa juu ya vyuma, jenereta bovu kwenye kona. Hata ukimya wake nilikuwa nao kwenye kanda.

"Mwambie ni ghala la kiwanda cha sabuni," nikasema. "Mwambie ile mashine ni jenereta. Mwambie walishahama."

Mwalimu alikaa kimya. Si kimya kirefu, ungehesabu mpaka tano. Nilidhani anatafuta neno la jenereta. Kisha akatafsiri, na Kapteni akaandika, akamwita mtu. Kabla ya saa kumi malori mawili yalikuwa yameshaondoka.

Njiani Mwalimu alitangulia, hakutaka nimfikie. Mimi nilikuwa karibu kufurahi. Niliuambia mgongo wake kwamba watakuta njiwa, watarudi na vinyesi vya njiwa kwenye kofia. Aliongeza mwendo. Saa kumi na moja habari ilirudiwa, na Kapteni hakumketisha mtu yeyote mbele ya redio. Mtaa nao haukusema kitu. Jua lilipokuwa linazama dobi alipita chini ya dirisha langu, akanionyesha kwa mikono kwamba mtoto amegeuzwa, amezaliwa, wa kike, na mama yuko hai. Nililala vizuri siku ile. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Asubuhi kinyozi hakufungua duka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha wateja, ananingoja. Mshona viatu alikuwa naye, na Mwalimu, amesimama karibu na kioo. Mwalimu ndiye aliyenieleza. Siku nne kabla, familia zilizochomewa nyumba zilikuwa zimehamia kiwandani. Malori yalikuta watu wanapika. Kwa kuwa Kapteni aliambiwa atakuta mahali pa maadui, na akakuta watu, basi aliamini. Wanaume kumi na mmoja walichukuliwa. Waliulizwa mkunga yuko wapi, wakasema hakuna mkunga, na kwa Kapteni hilo likawa ushahidi.

Nilimtazama Mwalimu kwenye kioo. Sikutaka kuuliza, nikauliza.

"Ulijua kuna watu?"

"Nilijua. Juzi nilipeleka mablanketi."

"Ungenikanyaga mguu. Ungesema makaburini, ungesema popote. Mimi nisingejua tofauti."

"Sharti letu ni kama ilivyo," alisema. Kisha akaona haya, nadhani, kwa kujificha nyuma ya hilo. "Usinitazame hivyo, Masikio. Wewe ulisema bila kujua. Mimi nilijua, na nilikuwa na dada chini ya ardhi. Nilipiga hesabu. Haikunichukua muda."

Kinyozi aliuliza tunasema nini. Safari hiyo Mwalimu hakumtafsiria.

Nikasema nakwenda kwa Kapteni sasa hivi. Nitamwambia nilidanganya, kiwandani hakuna kitu, awaachie wale watu. Mwalimu hakunizuia. Alisema tu kwamba nikisema hivyo Kapteni ataniuliza basi ni wapi, na safari hii hatatosheka na jibu la kwanza. Alisema twende tukamwulize Dada, kwa kuwa shingo ni yake.

Chini kulikuwa na harufu ya damu na mafuta ya taa. Mama aliyezaa alikuwa mweupe midomo. Mkunga alikuwa amemwinulia miguu juu ya boksi na kumfunga kwa shuka iliyokazwa, na alisema damu imepungua lakini haijakatika. Akitikiswa leo, atamalizika njiani. Mwalimu alimweleza kuhusu kiwanda. Alieleza na sehemu yake mwenyewe, nililiona hilo usoni mwa dada yake. Mkunga akauliza ni wangapi. Akaambiwa kumi na mmoja. Akaenda kwenye beseni, akanawa mikono ambayo ilikuwa safi, akanawa tena.

"Aende akaseme," alisema. "Lakini kesho kutwa asubuhi. Kesho kutwa alfajiri nitakuwa nimemtoa huyu na mimi nimetoka."

Nikasema siku mbili ni nyingi kwa watu kumi na mmoja mikononi mwa wale.

"Mwambie najua ni nyingi. Mimi ndiye ninayeziomba, si yeye. Wake zao wakija kumuuliza, awaelekeze kwangu."

Mwalimu alitafsiri kama ilivyo, macho yake yakiwa kwenye lile beseni.

Nilikubali. Nimefikiria miaka mingi kama nilikubali kwa sababu ya yule mama aliyefungwa shuka, au kwa sababu siku mbili zilikuwa siku mbili za kutokwenda kwa Kapteni. Kinasa sauti nilikisukuma chini ya kitanda. Mara nne nilivaa viatu, mara nne nikavivua. Siku ya pili mchana wanawake wa kiwandani walianza kukusanyika kwenye uzio wa posta. Niliwaona kutoka dirishani, na nikahamisha kiti. Kinyozi aliniletea chai bila kupanda ngazi ya mwisho. Aliiweka pale, akagonga mbao, akashuka.

Asubuhi ya tatu Mwalimu alikuja kuaga. Walikuwa wameshamtoa mama na mtoto kupitia mtaro, wamemlaza juu ya mlango wa kabati, dobi mbele na yeye nyuma. Dobi alikuwa amebaki huko huko na Mkunga. Yeye alirudi ili tu anione, na alikuwa anawafuata. Nilimwambia asije kwa Kapteni, hatatoka. Alisema hakuwa na nia ya kuja, lakini ni vizuri kualikwa kutokuja. Tulicheka kidogo, kila mmoja akitazama pembeni.

"Ukifika usizunguke," aliniambia. "Usimwambie hali ilikuwa ngumu, sijui nini. Sema nilidanganya. Ni neno moja, linakwisha haraka."

Alinipa mkono. Ulikuwa na matope ya mtaroni. Sijamwona tena, wala sijapata habari zake, na nimeuliza.

Karani wa Kapteni alikuwa anajua kiasi lugha moja ya wazungu ambayo na mimi nilikuwa naijua kiasi, tukakutana hapo katikati kama watu wawili wanaovushana daraja bovu. Nikasema nilidanganya. Nikasema habari ilirekodiwa chini ya duka la dobi, mashine ni pampu ya kisima, wanaume wa kiwandani hawajui lolote, walikuwa wamekimbilia pale na watoto wao. Kapteni hakuonyesha hasira. Aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, akageuza karatasi, akanionyesha mahali pa kutia sahihi. Nikatia. Kisha nikauliza wale kumi na mmoja wataachiwa saa ngapi.

Walisemezana. Karani alitafuta neno muda mrefu.

"Wamekwisha ondolewa," alisema. "Jana, baada ya chakula cha mchana."

Nikauliza wameondolewa kwenda wapi. Karani akasema hilo neno lake haliendi na neno wapi.

Kapteni alikohoa, akafuta mdomo, akasema kitu akinitazama mimi. Karani akatafsiri polepole: Kapteni anasema ungekuja juzi angewafungulia mlango mwenyewe, kwa sababu hawakuwa na faida, walikuwa wanalia tu. Sijui kama ilikuwa kweli. Labda alisema ili nibaki nayo. Kama ndivyo, alifanikiwa.

Askari walikwenda kwa dobi, wakakuta vitanda vitatu na vitambaa kwenye kamba. Kwa kukosa mtu wa kumchukua, waliipiga pampu risasi mpaka ikakatika vipande. Mtaa ule ukabaki bila maji. Mimi nilipewa amri ya kutoka nchini siku hiyohiyo kwa lori la msaada. Nilipofika kwa kinyozi kuchukua mizigo, begi langu lilikuwa limeshawekwa nje ya mlango, nguo zimekunjwa vizuri, hata kinasa sauti kimefungwa taulo kisigongwe. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niliona vivuli vyao kupitia pazia. Niligonga mara moja, kisha nikaona haya, nikaondoka.

Lori lilisimama mbele ya posta kungoja karatasi ya dereva. Wale wanawake walikuwa kwenye uzio, labda ishirini, wamama wazee na wake vijana, kila mmoja na kipande cha karatasi chenye jina la mtu wake. Nilikaa karibu na dereva nikitazama mbele. Mmoja aliziona hedifoni shingoni mwangu. Nadhani alijua hizo ni za mtu wa redio, mtu anayezungumza na wakubwa, aliyeingia humo ndani na akatoka. Akaja mpaka dirishani. Alikuwa na umri wa binti yangu wa kwanza. Akanyoosha karatasi, akauliza.

Sikuhitaji mkalimani kujua anauliza nini. Nilimhitaji kwa kujibu. Ningemwambia ni mimi niliyetaja kiwanda. Ningemwambia tuliomba siku mbili, na ni nani alikuwa amelala kitandani. Ningemwambia jana baada ya chakula cha mchana. Lakini miezi saba katika nchi ile nilikuwa nimeegemea kinywa cha mtu mwingine, na mimi mwenyewe nilijua salamu, asante, maji, na lile neno la maofisini ambalo kila mtu aliyewahi kupanga foleni huko analijua: bado.

Nikamwambia bado.

Aliitikia kwa kichwa. Alinishukuru, akanigusa mkono juu ya chuma cha mlango, akarudi kwenye uzio kuwaambia wenzake. Nikawaona wanapeana habari ile kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kisha wakatandika khanga zao chini, wakakaa kusubiri.